Laki saba za Dodoma zinavyoyeyuka njiani

MTAALAMU wa programu za kompyuta aliyeko Dar es Salaam akiitwa Dodoma kwa nyongeza ya sh. 700,000 kwa mwezi, ndugu na marafiki watamwambia afunge mizigo siku hiyo hiyo. Akikaa chini na kalamu, hata hivyo, anaweza kugundua kuwa katika laki saba hizo zinazobaki mkononi hazifiki elfu sabini.

Wito wa aina hii si wa ajabu tena. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini msukumo wa kweli ulianza 2016, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ikapitishwa 2018. Wizara zimehama pamoja na mifumo yake ya kompyuta. Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulianza 2017, na ule wa ununuzi wa umma, NeST, ulianza kazi 2023. Kampuni binafsi zinazounganisha wateja wao na mifumo hiyo zinataka watu karibu na ofisi zinazotoa maamuzi.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini makato yake ni ya kisheria. Mtaalamu analipwa sh. 1,800,000 Dar es Salaam na anaahidiwa sh. 2,500,000 Dodoma. Alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali na bado anaurejesha.

Katika nyongeza ya sh. 700,000, asilimia 10 inakwenda NSSF, yaani sh. 70,000. Kinachobaki ni sh. 630,000, na kwa kuwa mshahara wake umekwishapita sh. 1,000,000, kodi ya mapato inachukua asilimia 30 ya hizo, sawa na sh. 189,000. Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo tangu mabadiliko ya sheria ya 2016 ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yanaondoka na sh. 105,000 nyingine. Mfukoni zinaingia sh. 336,000, pungufu ya nusu ya kile kilichotajwa kwenye barua.

Hapo bado hajapanda treni. Iwapo mke ana kazi yake Dar es Salaam na watoto wako shuleni, familia haitahama, na nyumba zitakuwa mbili. Chumba cha sh. 150,000 Dodoma kinapunguza nyongeza hadi sh. 186,000. Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024, ilitangaziwa nauli ya sh. 31,000 kwa daraja la kawaida. Kwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi ni sh. 124,000. Zinabaki sh. 62,000. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi, na dalali akataka ya mwezi mmoja, mhamiaji atatoa sh. 1,050,000 kabla hajapokea hata mshahara wa kwanza.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Fedha ya NSSF ni akiba yake, tena mwajiri huongeza ya kwake, na marejesho yanapunguza deni ambalo lingelipwa tu. Kilichopotea moja kwa moja ni kodi. Asiye na familia, atakayeacha chumba cha Sinza na kupanga Dodoma kwa bei ileile, anabaki na sh. 336,000 zake zote. Kwa hiyo barua moja ya ajira ina thamani mbili tofauti kwa watu wawili wanaokaa meza moja.

Lakini hesabu iliyo ngumu zaidi haimo kwenye karatasi ya mshahara. Mfanyabiashara anayetunza vitabu anajua kuwa sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania inaweka kompyuta katika kundi la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 kwa mwaka, ikipigwa juu ya thamani iliyobaki. Kompyuta ya sh. 2,000,000 inahesabiwa kuwa na thamani ya sh. 1,250,000 baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka mitatu haifiki sh. 490,000. Ujuzi wa anayeitumia nao huchakaa, ila hakuna anayempa nafuu ya kodi kwa ajili hiyo.

Mifano ipo. Visual Basic 6, iliyoandikia programu nyingi za maduka na ofisi, iliacha kuhudumiwa na Microsoft 2008. Python ya toleo la pili ilifikia mwisho Januari 1, 2020. Flash, ambayo watu walijengea maisha, ilizimwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Tangu mwisho wa 2022, zana za akili bandia zinaandika kwa dakika sehemu za programu ambazo kijana alikuwa akilipwa kuziandika kwa siku mbili. Bei ya kuandika tu imeshuka. Kujua kwa nini hesabu ya ghala haikubaliani na ya benki bado kuna bei nzuri.

Ndiyo maana swali la kuuliza Dodoma ni kazi gani hasa inamsubiri. Kama anakwenda kulinda peke yake mfumo wa zamani ambao hakuna mwingine anayeutaka, kila mwaka anaouongeza unamtoa sokoni, na sh. 62,000 haziwezi kununua tena alichopoteza. Kama anakwenda kuunganisha benki na wauzaji na GePG, anajifunza kitu ambacho kila mlipaji wa serikali nchini anakihitaji, na akirudi Dar es Salaam baada ya miaka mitatu anaweza kuwa na bei kubwa kuliko waliobaki.

Jiji la Dar es Salaam bado lina faida yake. NMB, CRDB na Vodacom wana makao makuu huko, na penye waajiri wengi mtu hujifunza hata kwa kuhama ghorofa. Dodoma nayo si jangwa, kwani chuo kikuu chake kilichoanzishwa 2007 kinafundisha fani hiyohiyo. Tofauti ni kuwa Dodoma mteja mkubwa ni mmoja, na mteja huyo akibadili bajeti hakuna wa jirani wa kumkimbilia.

Kabla ya kutia saini, yapo maneno mawili ya kuandikwa. La kwanza ni mahali alipoajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi na mizigo yake pale alipoajiriwa, au agharimie safari hiyo, mkataba unapositishwa akiwa mahali pengine. Mkataba ukitaja Dodoma wakati kijana alichukuliwa Dar es Salaam, gharama ya kurudi ni yake. La pili ni siku za mafunzo kwa mwaka na nani anazilipia. Mwajiri anayekataa kuongeza mshahara mara nyingi hukubali siku kumi za mafunzo, na kwa mtaalamu hizo zinaweza kuwa na thamani kuliko laki moja.

Mwenye duka la Kariakoo aliyeandikiwa mfumo wa stoo na kijana huyu naye yumo katika hesabu hii, hata kama hajaambiwa. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Katika siku hizo nywila zote, nakala ya programu kama ilivyoandikwa, na jina la mtu atakayeipokea zinapaswa kuwa mkononi mwa mwenye duka, kwa sababu siku ya 29 simu itapokelewa Dodoma, tena baada ya saa za kazi.