Mtoi wa Jirani Si Wako, Lakini Anakuhusu: Jinsi Mtaa Unavyolea

Kama umelelewa Kayole, Umoja ama Dandora, hii stori unaijua. Umetoroka shule, umedandia lori na mabeshte, mara mathe wa ploti ya pili anakuona. Anakuchapa hapo hapo, halafu anakushika mkono mpaka kejani. Unadhani masa atakutetea? Anaongeza zake. Hakuna mtu alikuwa anauliza, "Wewe ni nani uguse mtoto wangu?"

Siku hizi unaona mtoi wa miaka kumi nyuma ya kibanda saa nne asubuhi, sare ya shule mwilini, anavuta kitu. Unaangalia kando. Si wako, na ukiongea, mzazi atakuja kwa mlango wako na matusi. Basi kila mtu anafunga mlango wake.

Shida ni kwamba wazazi wengi mtaani hawako mchana. Anayeenda mjengo ama kufulia watu nguo anatoka giza na kurudi giza. Hapo katikati, mtoto analelewa na ploti. Upende usipende, mtu mzima aliye karibu naye ni wewe. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na hawakuwa wanabahatisha.

Lakini tusidanganyane, hatusemi turudishe kiboko. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa asipuuzwe, asidhulumiwe wala kufanyiwa ukatili wa aina yoyote. Kitu tulipoteza na tunahitaji kurudisha ni macho. Unaanza hivi:

1. Jua majina yao
Mtoto anayejulikana kwa jina hapotei siku mbili bila mtu kushtuka. Msalimie, muulize shule inaendaje. Siku akiwa na shida, atajua mlango wa kubisha.

2. Mwambie mzazi, pembeni
Usianze na "mtoto wako ameharibika." Sema uliona nini, wapi na saa ngapi. Na tafadhali, usimrushe mtoi kwa grupu ya WhatsApp ya ploti. Hapo humsaidii, unamwaibisha tu.

3. Kuna mambo hayangoji
Ukishuku mtoto anapigwa vibaya, anafungiwa bila chakula ama ananajisiwa, usiende kwanza kumuuliza mzazi. Pengine anayemuumiza yuko ndani ya hiyo nyumba. Piga 116, ni bure, usiku na mchana. Ama nenda kwa polisi, chifu au afisa wa watoto. Na kama ni unajisi, wazee wasikae chini kuongea mambo ya fidia. Hiyo ni kesi ya korti.

4. Saidia kabla mambo hayajaharibika
Mama wa mlango wa tatu amechelewa kazini na mvua inanyesha? Sahani moja ya ugali na sukuma haitakufilisi. Watoi wakikaa kwako, acha mlango wazi na umwambie mama yao wako wapi. Yeye pia ana haki ya kujua nani yuko na watoto wake.

Usiseme utaanza ukipata wako. Wewe mwenyewe ulilelewa na watu ambao hawakuwa wazazi wako.

Sasa tuambie ukweli: watoi wa ploti yenu, unajua majina ya wangapi?