Majimbo 11 ao 26? "Culture générale" ya konkuru ya serikali inataka nini

Congo iko na majimbo ngapi? Swali ni fupi, na wanafunzi wengi wa shule wanalijibu bila kufikiri. Lakini kati ya vijana wanaojitayarisha kwa konkuru ya kazi ya serikali, bado kuna wanaoandika 11. Hawakosi akili. Walisomea fotokopi iliyoandikwa kabla ya mwaka 2015, na hiyo fotokopi haikuwaambia kama ni ya mwaka gani.

Fotokopi hizo zinajulikana. Zinauzwa karibu na vyuo vikuu na kwenye sekretariati za mtaani: maswali na majibu, kurasa nyingi, bila jina la mwandishi, bila tarehe. Kaka mkubwa aliisomea, mdogo wake naye anaisomea. Siku hizi zinazunguka pia kwa WhatsApp, picha kwa picha, na mara nyingi kuna ukurasa unakosa. Ndani yake kuna mambo mazuri. Ila kuna pia majibu yaliyokuwa ya kweli zamani na leo si ya kweli tena, na ni vigumu kuyatambua, kwa sababu yote yameandikwa kwa uhakika uleule.

Na kinachotafutwa si kitu kidogo. Sheria n° 16/013 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, inayoongoza maisha ya watumishi wa serikali, inataka watu waingie kazini kwa njia ya konkuru. Ilichukua nafasi ya sheria ya 1981. Kama watu waliendelea kuingia kwa barua ya mkubwa fulani, hiyo kila mmoja anaijua. Ni sehemu ya sababu maofisi yetu yamejaa wale wanaoitwa "nouvelles unités". Wanafika asubuhi, wanatia saini, wanafanya kazi, na mwisho wa mwezi wanarudi mikono mitupu kwa sababu hawana matrikile ao hawajawekwa kwenye orodha ya malipo. Aliyepita kwa konkuru angalau ana karatasi ya kusimamia.

Sasa turudi kwa majimbo, maana hapo ndipo fotokopi inaanguka kwanza. Tulipopata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960, majimbo yalikuwa 6. Miaka michache nyuma yake yakakatwakatwa mpaka 21, watu wakaviita "provincettes". Mobutu alipochukua madaraka akayapunguza tena. Mwaka 1988, Kivu ikagawanywa mara tatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kwa hesabu hiyo, pamoja na Kinshasa, tukafika 11, ndiyo ile ya kwenye fotokopi. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 ikaandika katika kifungu cha 2 kwamba nchi iko na mji wa Kinshasa na majimbo 25. Lakini yale yaliyoandikwa hayakufanyika siku ileile: ilibidi kungojea mwaka 2015 ili majimbo mapya yaanze kweli. Kwa hiyo kati ya 2006 na 2015, mtu angeweza kujibu 26 kwa kufuata karatasi na 11 kwa kufuata kilichokuwako.

Anayekariri majina 26 kama wimbo atayasahau mbele ya msimamizi. Ni rahisi zaidi kushika nani alizaa nani. Province Orientale ilizaa Ituri, Haut-Uele, Bas-Uele na Tshopo. Katanga ilizaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Équateur ilizaa tano: Équateur mpya, Mongala, Tshuapa, Ubangi ya Kaskazini na Ubangi ya Kusini. Bandundu ilitoa Kwango, Kwilu na Mai-Ndombe. Kasaï-Occidental ikatoa Kasaï na Kasaï-Central. Kasaï-Oriental ikabaki na jina lake na kutoa Lomami na Sankuru. Yasiyokatwa ni Kinshasa, Kongo Central (zamani Bas-Congo), na yetu matatu ya mashariki, ambayo yalikuwa yamekwisha kukatwa mwaka 1988. Jumlisha, utapata 26. Kisha weka miji mikuu: Bunia kwa Ituri, Isiro kwa Haut-Uele, Buta kwa Bas-Uele, Kisangani kwa Tshopo, Kalemie kwa Tanganyika, Kindu kwa Maniema. Wengi wanachanganya Lomami na Haut-Lomami. Ya kwanza mji wake mkuu ni Kabinda, ya pili ni Kamina.

Mitego midogo ya namna hiyo ni mingi. Fotokopi za zamani zinasema tunapakana na Soudan. Tangu tarehe 9 mwezi wa saba 2011, jirani wa upande huo ni Sudan ya Kusini. Nchi jirani zinabaki 9, ila jina moja limebadilika. Wito wa taifa nao uligeuzwa: wakati wa Zaïre ulikuwa "Paix, Justice, Travail", leo katiba inasema "Justice, Paix, Travail". Aliyesoma kwa mzee wake ataanza na Amani, na hatajua kwa nini amekosa. Lugha za taifa ni nne, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na lugha ya serikali ni Kifaransa. Mtu akisema lugha za serikali ni tano, amechanganya vitu viwili.

Kwa upande wa mahakama, fotokopi nyingi bado zinasema ya juu kabisa ni "Cour suprême de justice". Hiyo imekwisha. Katiba iliigawanya mara tatu: Mahakama ya Katiba, Cour de cassation na Conseil d'État. Mahakama ya Katiba iko na waamuzi 9, wa miaka 9 ambayo hairudiwi, na ndiyo inayotangaza matokeo ya mwisho ya uchaguzi wa raisi. Uchaguzi huo wenyewe ulibadilika. Mwaka 2006 ulikuwa na duru mbili. Wengi wanakumbuka Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Tangu katiba iguswe mwezi wa kwanza 2011, duru ni moja tu, anayepata sauti nyingi kuliko wengine anashinda hata kama hakufikia nusu. Muda wa raisi ni miaka 5, inarudiwa mara moja, na kifungu cha 220 kinakataza kugusa hiyo hesabu. Kifungu hicho usikipite haraka. Tangu raisi Félix Tshisekedi azungumzie katiba huko Kisangani mwezi wa kumi 2024, kimekuwa kwenye midomo ya wote, na swali la namna hii linaweza kuja kama insha, si kama alama ya kuweka kwenye kisanduku.

Nani anachagua liwali wa jimbo? Kwa sheria, ni wabunge wa jimbo, kwa muda wa miaka 5. Lakini mtu wa Ituri ao wa Kivu ya Kaskazini akijibu hivyo bila kuongeza kitu, anaelezea jimbo ambalo haishi ndani yake. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 majimbo hayo mawili yaliwekwa chini ya "état de siège": liwali ni mwanajeshi, na wabunge wa jimbo walisimamishwa. Katiba, kifungu cha 144, inasema hali hiyo inatangazwa kwa siku 30, kisha inaweza kurefushwa kwa siku 15, 15. Ndiyo maana bunge la Kinshasa limekuwa likirudi kupiga kura juu yake mara nyingi hivi. Mtahiniwa anayeweza kueleza hayo kwa mistari mitano ana jambo ambalo mwenzake wa Kinshasa amelisikia tu kwa habari.

Ni hivyo pia kwa asilimia 40. Kila mtu anaitaja. Kifungu cha 175 kinasema majimbo yanapata asilimia 40 ya mapato ya taifa, na kinaongeza maneno manne mazito: "retenue à la source". Maana yake, jimbo linakata sehemu yake palepale pesa zinapokusanywa, kabla haijaondoka. Kinachofanyika ni kitu kingine, kinaitwa "rétrocession": pesa inaenda Kinshasa, kisha Kinshasa inarudisha, ikirudisha, wakati inapotaka. Maneno hayo mawili yanafanana kwa masikio ya mtu aliyechoka, lakini ugomvi wote kati ya majimbo na Kinshasa umekaa katikati yao. Kuna pia kifungu cha 181 na sanduku lake la "péréquation", asilimia 10, lililowekwa kwa kusaidia majimbo maskini yajengwe. Wanaosahihisha wanaona tofauti haraka kati ya aliyekariri "40%" na aliyeelewa kwa nini barabara ya kwao haitengenezwi.

Tukitoka nje ya mipaka, fotokopi inachelewa zaidi. OUA ya Addis-Abeba, iliyozaliwa 1963, ilikufa 2002 na kuacha nafasi kwa Umoja wa Afrika. CEPGL, ile ya Congo, Rwanda na Burundi, ni ya 1976. Juu ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, makao makuu Arusha, karatasi za zamani hazisemi kitu juu yetu, maana tuliingia juzi: wakuu wa nchi walitukubali tarehe 29 mwezi wa tatu 2022, saini ikawekwa Nairobi tarehe 8 mwezi wa nne. Tulikuwa wa saba. Somalia ikafuata, zikawa nchi 8. MONUC ya 1999 iligeuka MONUSCO mwaka 2010, na mwezi wa sita 2024 ilifunga kazi zake katika Kivu ya Kusini. Na kwa mwaka 2026 na 2027 Congo imekaa kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kama mjumbe asiye wa kudumu. Si mara ya kwanza; ilishakaa pale ikiwa Zaïre.

Linalokosesha wengi kwa habari za sasa ni Washington na Doha. Redio zinayataja kwa pumzi moja, basi watu wanafikiri ni mkataba mmoja. Washington ni kati ya nchi mbili, Congo na Rwanda: mawaziri wa mambo ya nje walitia saini tarehe 27 mwezi wa sita 2025, na maraisi wenyewe tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili. Doha, kwa upatanishi wa Qatar, ni kati ya serikali ya Congo na AFC/M23: tangazo la kanuni tarehe 19 mwezi wa saba 2025, kisha mkataba wa jumla tarehe 15 mwezi wa kumi na moja. Watu wa Goma, Bukavu ao Masisi wako na mengi ya kusema juu ya saini hizo na kile wanachokiona mlangoni. Kwenye karatasi ya mtihani, lakini, kwanza wanakuuliza nani alitia saini na nani, lini, mbele ya nani.

Majina ya watu yanaharibika haraka kuliko vyote. Judith Suminwa aliteuliwa waziri wa kwanza tarehe 1 mwezi wa nne 2024, mwanamke wa kwanza kufika pale. Hiyo "wa kwanza" haitabadilika hata siku akitoka. Mawaziri wengine na wakuu wa mabunge, afadhali kuwahakikisha wiki ileile ya mtihani. Yasiyoharibika ni kama Daktari Denis Mukwege wa Panzi na Nobel ya amani ya 2018, ao mbuga tano za urithi wa dunia, Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi, ambazo nne ziko upande wetu.

Wanaosoma kwa kikundi wanaweza kufanya jambo moja rahisi: kuchukua fotokopi yao na kuandika kando ya kila jibu mwaka ambao lilianza kuwa kweli. Jibu lisilopata mwaka linatafutwa. Na kwa kuwa mtihani unaandikwa kwa Kifaransa, ni vizuri kubishana kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aelewe, kisha mmoja aandike kwa Kifaransa, wengine wasahihishe.

Kitabu cha kuanzia si fotokopi. Ni katiba yenyewe, ile iliyoguswa 2011, na hiyo haikosi kwa simu ya mtu yeyote mwenye megabaiti chache. Iko na vifungu 229. Kwa vifungu 5 kila jioni, inaisha kwa siku 46.