Mkunjo wa plau: Kilomita saba zinazopotea katika kila ekari Ufipa

MKULIMA wa Ufipa anayelima kwa maksai hutembea mbali kuliko anavyodhani. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Plau likikata mfuo wenye upana wa sentimita 20, mkulima na maksai wake watatembea kilomita 20 na ushei kabla ekari hiyo haijakwisha. Hapo sijahesabu kugeuza mwisho wa shamba.

Sasa plau hilo likiwa na bamba baya, lisilopindua udongo sawasawa, anayelishika hulazimika kubana mifuo ili asiache majani yamesimama. Upana ukishuka hadi sentimita 15, safari inakuwa kilomita 27. Hizo karibu kilomita 7 za ziada hazimo katika daftari la gharama la mtu yeyote, lakini maksai wanazilipa.

Chukulia maksai wanatembea kilomita 2.5 kwa saa na wanafunguliwa nira baada ya saa tano za kazi. Ekari iliyokuwa iishe kwa asubuhi mbili inaingia asubuhi ya tatu. Katika uwanda wenye msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba hadi karibu Aprili, mwenye ekari sita anaweza kujikuta amechelewa kupanda mahindi kwa takriban siku tatu.

Nilianza kupiga hesabu hizi katika karakana moja ya uchomeleaji mjini Sumbawanga. Fundi alikuwa ametundika mabamba mawili ya plau ukutani, yote kazi ya mikono yake. La kwanza aliligongagonga msimu uliotangulia na wateja wakalisifu. La pili alilitengeneza akitaka liwe kama lile la kwanza, ila mkulima alilirudisha baada ya siku mbili: udongo ulikuwa unaganda juu yake badala ya kuteleza na kupinduka.

Nikamwuliza tofauti iko wapi. Alitelezesha kiganja juu ya mabamba yote mawili, akasema anaihisi lakini hawezi kuipima.

Hapo ndipo penye tatizo la kiuchumi, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko bei ya chuma tunayoilalamikia kila siku. Fundi aliyepata mkunjo mzuri mara moja bila kuweza kuurudia anauza bahati, na bahati haina bei ya kudumu. Zamani plau nyingi zilitoka katika viwanda kama kile cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China. Pale mkunjo ulikuwa ndani ya mashine ya kukandamizia chuma, hivyo kila bamba lilifanana na lililotangulia. Fundi wa mtaani hana mashine hiyo.

Msomaji asiyelijua plau alitazame hivi. Mbele, panapokutana na ulimi unaokata ardhi, bamba limelala karibu bapa. Kadiri unavyokwenda nyuma linainuka, linasimama, kisha ncha yake inainama upande wa pili ili kuusukuma udongo uanguke kifudifudi. Umbo hilo halipimwi kwa futi na skwea.

Tatizo hili si letu peke yetu wala si la leo. Mwaka 1788 Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, aliyaona plau za wakulima akiwa safarini Ulaya, akaanza kuwaza bamba litakalovutwa kwa nguvu ndogo zaidi. Mwaka 1798 aliuandikia uongozi wa kilimo wa Uingereza akieleza njia yake: chukua gogo la mraba, chora mistari ya kuongoza, likate kwa msumeno kila baada ya nafasi fulani hadi kufikia mistari hiyo, kisha ondoa mbao zilizobaki kati ya mikato. Alijivunia kwamba hata seremala asiye hodari angepata umbo lilelile kila mara. (Mashamba yake yalilimwa na watumwa, kwa hiyo jasho lililookolewa halikuwa lake.)

Njia hiyo, yaani kugawa umbo katika mikato na kuiunganisha, ndiyo inayofanywa leo na programu za kuchorea kwa kompyuta. Huitwa lofti. Neno hilo limetoka kwa wajenzi wa meli wa Ulaya, waliochora mbavu za meli kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu ya dari pana juu ya karakana.

Lofti rahisi kabisa mzee wa Ufipa anaijua bila kompyuta. Matanuru marefu ya kuyeyushia chuma yaliyoitwa malungu, ambayo mabaki yake bado yanaonekana katika uwanda huu, yalikuwa na duara pana chini na duara jembamba juu, kimo kikikaribia mita tatu. Ipe kompyuta duara hizo mbili na umbali kati yake, nayo itajaza ukuta wa katikati.

Bamba la plau linahitaji mikato zaidi ya miwili. Mimi na fundi tulilichukua lile bamba zuri, tukalilaza kwenye meza, tukapima kwa rula na timazi kila baada ya sentimita 5. Vipimo vile tuliviingiza katika FreeCAD, programu inayopatikana bure na inayofanya kazi bila intaneti ukishaiweka kwenye kompyuta. Kila mkato unachorwa kwenye bapa lake, mmoja nyuma ya mwingine, kisha unaichagua yote kwa mpangilio na kubonyeza lofti.

Mara ya kwanza tulipata kitu kilichojisokota kama kamba. Sababu ni kwamba mikato haikuwa na idadi sawa ya pembe, na kompyuta ikaunganisha pembe ya juu ya mkato mmoja na ya chini ya mwingine. Tulipochora kila mkato kwa pembe zilezile, tukianzia upande uleule, mkunjo ulitulia. Mara nyingine lilitoka ganda tupu lisilo na unene, kwa kuwa mkato mmoja haukufungwa. Programu haiwezi kutoa umbo lenye ujazo kutoka mstari ulioachwa wazi.

Kosa la tatu lilinifundisha zaidi. Tuliongeza mikato tukidhani wingi ndio usahihi, bamba likatoka na mawimbi kama bati la paa. Kila kosa dogo la rula lilikuwa limegeuka kuwa kilima. Tukapunguza mikato, mawimbi yakaisha.

Hata hivyo, picha nzuri kwenye kioo haijawa plau. Bamba lililopinda pande mbili kwa pamoja haliwezi kukatwa kwenye shiti bapa na kukunjwa tu kama bomba. Lazima lipashwe moto na kugongwa. Kwa hiyo tulichochukua kutoka kwenye kompyuta ni mikato yenyewe, iliyochapwa kwa ukubwa halisi na kubandikwa kwenye mbao. Mbao hizo zikakatwa na kupangwa kama mbavu. Fundi anagonga chuma, anakilaza juu ya mbavu, anatazama mwanga unapita wapi, anagonga tena.

Karakana haihitaji kununua kompyuta kwa kazi hii. Kuchora hufanyika mara moja kwa kila aina ya plau, na mbavu za mbao zikikaa pakavu zitatumika kwa mabamba mengi. Fundi akilipia saa chache za kijana anayejua programu, gharama hiyo inagawanyika kwa kila bamba atakalouza baadaye. Bamba moja tu lililorudishwa lilimgharimu chuma, mkaa na mteja.

Hopa za mashine za kupukuchua mahindi, zenye mdomo wa mraba juu na tundu la duara chini, ni lofti pia, tena hizo hukunjwa kutoka shiti bapa bila moto. Huenda fundi angeanzia hapo kama asingekuwa na lile deni la mkulima.

Bamba la tatu limekwisha. Mvua zikianza tutafunga mizani ya kuvuta kwenye mnyororo, kati ya nira na plau, tulime mifuo kumi kwa bamba la kwanza na kumi kwa hili jipya, katika shamba lilelile na kwa maksai walewale. Mkulima aliyerudisha bamba la pili amekubali kutoa ng'ombe wake, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayesoma mizani.