Lebo ya Kielektroniki: Ndogo Mkononi, Sugu Jaani

Ukinunua nguo au viatu katika maduka makubwa, huenda umeona kibandiko chepesi ambacho ukikiinua kwenye mwanga kinaonyesha mistari inayong'aa. Hiyo ni lebo ya kielektroniki. Mashine huisoma kwa mawimbi ya redio, na mwenye duka hujua bidhaa zilizosalia bila kuzihesabu moja moja. Haihitaji betri, kwani hupata nguvu kutoka kwa mawimbi hayo hayo.

Kazi yake huisha bidhaa inapolipiwa, lakini lebo yenyewe haiozi.

Kwa nini ni tatizo?

Lebo nyingi zina vitu vitatu vilivyogandishwa pamoja: plastiki, utepe wa alumini na chipu ndogo kama chembe ya mchanga. Kuvitenganisha ni ghali kuliko thamani yake. Ikichanganyika na karatasi zinazokwenda kusindikwa upya, huzichafua. Nyingine huweza kutufikia zikiwa zimeshonwa ndani ya nguo za mitumba.

Nini kinabadilika?

Baadhi ya watengenezaji wameondoa plastiki na kuweka karatasi. Aidha, badala ya kufunika plastiki yote kwa alumini kisha kuondoa ziada kwa kemikali, mashine hukata alumini kwa umbo linalohitajika, na mabaki huyeyushwa na kutumika tena. Hata hivyo, lebo ya karatasi bado ina chipu na alumini. Inayopunguza taka zaidi ni lebo ngumu ambayo mhudumu huitoa wakati wa malipo na kuitumia tena kwa bidhaa nyingine.

Wajibu wetu

Katiba imezipa kaunti jukumu la kuzoa taka na kusimamia majaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na inamtaka mzalishaji awajibikie bidhaa zake hata baada ya kutumika. Kwa hivyo mzigo huu si wa mkazi peke yake.

Wakazi wanahimizwa:

• Kukata lebo na kuiweka pamoja na taka zisizooza.
• Kutoichoma, kwani moshi wa plastiki ni hatari kwa afya.
• Kutoitupa kwenye shimo la mboji au mahali mifugo inapolishia.
• Kumwomba mwenye duka abaki na lebo inayoweza kutumika tena.