Maji ya haidrojeni si mzigo wa kuwekea mtaji

Mfanyabiashara wa Nyololo, wilayani Mufindi, amezoea mahindi, maharage na mbao, bidhaa zinazokaguliwa kwa macho, kwa mkono na kwa mizani. Maji ya haidrojeni, ambayo hutangazwa kwenye simu pamoja na chupa za umeme za kuyatengenezea, hayakaguliki hivyo. Gesi yenyewe haina rangi, harufu wala ladha. Muuzaji na mnunuzi wote wanaamini karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Kiasi chenyewe ni kidogo. Kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, lita moja ya maji hubeba takriban miligramu 1.6 tu za haidrojeni, nayo huanza kutoroka mara kizibo kinapofunguliwa. Chupa ya plastiki haiizuii vizuri hata ikiwa imefungwa. Nchini Japani, ambako biashara hii ilishamiri mapema, kituo cha taifa cha masuala ya walaji kilipima chapa 10 za maji hayo mwaka 2016. Mbili, zote za chupa za plastiki, hazikukutwa na gesi hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya huko ilizichukulia hatua kampuni tatu kwa matangazo yasiyo na ushahidi.

Wauzaji hutaja utafiti, na kweli upo. Mwaka 2007 wanasayansi wa Japani walichapisha matokeo mazuri kwa panya waliozibwa mshipa wa damu wa ubongo. Lakini panya hao walivutishwa gesi, hawakunyweshwa maji ya chupa. Majaribio mengi ya baadaye kwa binadamu yalihusisha watu wachache, na hayajathibitisha tiba ya kisukari, shinikizo la damu wala saratani. Isitoshe, utumbo hutengeneza haidrojeni wenyewe kila siku, bakteria wanapochachusha chakula. Sahani ya maharage ya Mufindi inatoa gesi hiyo hiyo, na protini juu.

Watanzania wanaikumbuka gharama ya kikombe. Mwaka 2011 maelfu walifurika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Dawa ilikuwa sh. 500/- tu, nauli ndiyo iliyokomba akiba, na wapo wagonjwa walioacha ARV. Katika mkoa wa Iringa, ambako utafiti wa 2016–2017 ulikuta asilimia 11.3 ya wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, hilo si jambo dogo. Maji haya hayajulikani kuwa na madhara makubwa. Hasara ni ya mgonjwa anayeweka vidonge kando, na huyo hakuna muuzaji wa kumrudishia kitu.

Vyakula na vinywaji vinasimamiwa na TBS tangu 2019, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Anayeletewa mzigo huu, hasa kwa mkopo au kwa kujiunga na mtandao wa wauzaji, adai cheti cha TBS na kipimo cha gesi cha siku chupa inapofunguliwa, si cha kiwandani. Akikosa vyote viwili, mvua za Novemba huja na wateja wa mbolea.