Je, Wajua? Kelele za Gia Huanzia Kwenye Waya

Gia za baiskeli zikianza kusumbua, mwenye baiskeli huinama, akaona skrubu mbili ndogo pale nyuma, akaenda kutafuta bisibisi. Hata mimi nilifanya hivyo na baiskeli yangu ya mtumba. Nilipojaribu kupanda mlima, cheni ilivuka sproketi kubwa, yaani lile gurudumu la meno lililo karibu na spoku, ikatumbukia kwenye spoku, nikarudi nyumbani nikiikokota.

Skrubu zile, zenye herufi H na L, hazipangi gia. Kazi yake ni kuweka mipaka: H inazuia cheni isidondoke upande wa fremu, L inaizuia isiingie kwenye spoku. Kuzigusa kwa sababu ya kelele za gia za katikati ni sawa na kuhamisha ua kwa kuwa mbuzi anachechemea.

Anayepanga ni waya. Chukua mfumo wa Shimano wa sproketi 8. Ukibofya mara moja kwenye usukani, waya unavutwa takriban milimita 2.8. Mkono wa gia, yaani kile kichuma kinachoning'inia nyuma na vigurudumu vyake viwili, unauzidisha mwendo huo mara 1.7. Piga hesabu: ni karibu milimita 4.8, na ndio umbali wa kutoka sproketi moja hadi jirani yake. Basi waya ukilegea nusu milimita tu, mkono unapungukiwa karibu milimita nzima. Cheni inabaki njia panda, huku haijaacha na kule haijashika. Ndiyo ile ka-ka-ka unayoisikia.

Kabla mibofyo haijaenea, kuanzia na mfumo wa Shimano uitwao Dura-Ace wa mwaka 1984, mwendeshaji alisogeza wenzo taratibu na kuitafuta gia kwa sikio, kama mpiga udi anayekaza nyuzi. Mibofyo ilimpunguzia kazi, ila ikahamishia usahihi wote kwenye urefu wa waya.

Kuutengeneza hakuhitaji hata spana. Pale ganda la waya linapoingia, kwenye mkono wa gia au kwenye kibofyo, kuna nati ya kuzungushwa kwa vidole. Weka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa, bofya mara moja. Ikigoma kupanda, simama nyuma ya baiskeli, zungusha nati ya mkono kinyume cha mshale wa saa, robo kwa robo, huku pedali ikizunguka na wewe ukisikiliza. Ikipanda vizuri lakini ikagoma kushuka, rudisha kidogo.

Ikigoma kote kuwili, acha nati. Hapo mara nyingi waya umepata kutu au vumbi ndani ya ganda, na sisi wa pwani chumvi tunaijua. Badilisha vyote viwili. Waya mpya nao utalegea siku za mwanzo, ganda likijikita mahali pake. Usishangae kuukaza tena.

Yangu mimi haikuwa hata waya. Fundi hakushika bisibisi. Alisimama nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja, akatazama kama vigurudumu vile viwili vimesimama wima sambamba na sproketi. Havikuwa. "Hii ilianguka upande wa kulia," akasema. Kipande kinachoubeba mkono wa gia kwenye fremu kilikuwa kimepinda. Alikinyoosha polepole, akazirudisha skrubu nilizovuruga, akazungusha pedali. Kimya.