Mvua Imenyesha Leo, Homa Itakuja Lini?

Ndugu msomaji, mvua za Septemba zinapoanza hapa kusini-magharibi mwa Uganda, kila mtu kambini anajua kazi yake. Akina mama wanatafuta mbegu za maharage na mahindi. Akina baba wanapanda juu ya nyumba kukaza turubai. Watoto wanatoa masufuria na jerikani nje kukinga maji. Ni vizuri, maana mvua ni chakula.

Lakini kuna kazi moja ya mvua ambayo wengi tunaisahau, kwa sababu faida yake haionekani siku hiyo. Ni kazi ya kujikinga na malaria. Malaria haiji siku mvua inaponyesha. Inakuja baadaye, wakati watu wameshasahau matone ya kwanza. Je, baadaye kwa siku ngapi? Tuhesabu pamoja.

MAHINDI MABICHI HAYANA HATIA

Wengi wetu, tukiwa tumetoka Kivu, Ituri au Burundi, tumekua tukisikia kwamba homa inaletwa na kunyeshewa, au kwa kula mahindi mabichi. Wenyeji wetu hapa Uganda nao wana maneno hayo hayo, wakiongeza na maembe.

Usiwacheke wazee. Waliangalia vizuri. Mahindi yaliyopandwa mvua inapoanza huwa tayari kuchomwa baada ya miezi miwili na nusu au mitatu hivi. Wakati huo huo ndipo malaria huwa nyingi vijijini. Wazee waliona mambo mawili yakifika pamoja, wakadhani moja limezaa lingine. Hawakukosea majira. Walimkosea mwenye hatia tu.

Hata Ulaya ilikuwa hivyo. Neno lenyewe "malaria" limetoka kwa Waitalia, na maana yake ni "hewa mbaya". Waliona watu wanaoishi karibu na mabwawa wanaugua, wakasema ni harufu ya bwawa. Ni mwaka 1897 tu ambapo daktari Ronald Ross, akifanya kazi India, aliona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata, Giovanni Battista Grassi na wenzake huko Italia walionyesha kwamba mbu anayeambukiza binadamu ni aina ya Anopheles. Tangu hapo tunajua kwamba mvua haimpi mtu malaria. Mvua inampa mbu mahali pa kuzalia.

HESABU YA SIKU

Sasa chukua kalenda yako.

Kwanza, mbu. Anopheles jike hutaga mayai kwenye maji yaliyotulia, hasa maji safi yanayopigwa na jua: dimbwi la njiani, alama ya kwato za ng'ombe, shimo tulilochimba udongo wa matofali. Mbu wengi wanaotoka chooni ni wa aina nyingine. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 14.

Pili, kijidudu. Mbu huyo mchanga hazaliwi na malaria. Ni lazima kwanza amuume mtu mwenye malaria. Halafu kijidudu kinakaa ndani ya mbu kwa siku 10 au zaidi kabla hajaweza kuambukiza mtu mwingine.

Tatu, wewe. Ukishaumwa na mbu huyo, homa haikupati usiku huo. Mara nyingi zinapita siku 9 hadi 14, na wakati mwingine zaidi.

Jumlisha. Tangu mvua inapojaza mashimo mpaka wagonjwa wanapojaa kwenye kituo cha afya, kwa kawaida unapita mwezi mmoja hadi miwili. Mbu wachache huwapo mwaka mzima, kwa hiyo malaria haikosekani kabisa. Lakini wimbi kubwa linafuata mvua kwa hatua hizo. Mvua za Septemba zinatupa wagonjwa wengi Novemba na Desemba. Mvua za Machi zinatupa wagonjwa Mei na Juni.

Hii ni habari njema. Adui anayetupa mwezi mzima wa kujiandaa ni adui anayeweza kushindwa.

JOTO NALO LINA NENO

Maji peke yake hayatoshi. Kijidudu kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Penye joto la nyuzi 25 kinachukua kama siku 12. Penye baridi kinachelewa, na chini ya nyuzi 16 hivi, kile cha aina kali, kinachoua watoto wetu, hakikomai kabisa. Mbu anakufa kabla hajawa na hatari.

Kwa sababu hiyo, tangu zamani watu wa milima mirefu hawakusumbuliwa sana na malaria. Lakini hali ya hewa ikibadilika, hata mlima hauokoi. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño zilinyesha Afrika Mashariki kupita kawaida. Mwanzoni mwa mwaka 1998, mvua zikiwa zimepungua, malaria ililipuka huko Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Angalia tena ile hesabu yetu: kwanza mvua, kisha wiki za kimya, kisha wagonjwa.

Burundi nayo iliona hayo miaka ya 2000 na 2001. Mikoa ya milimani kama Kayanza, Ngozi na Karuzi ilipatwa na malaria kubwa sana. Hali ya hewa haikuwa sababu pekee. Kulikuwa na vita na watu kuhamahama, kilimo cha mpunga kwenye mabonde, na dawa ya klorokwini ilikuwa imeshaacha kufanya kazi vizuri. Mvua hupata nguvu pale inapokuta watu tayari wamechoka.

WEWE ULIYETOKA MILIMANI

Hapa tunaomba usome polepole. Mtu aliyezaliwa mahali penye malaria nyingi huumwa na mbu tangu utotoni. Kama amepona mara nyingi, mwili wake unajifunza kupigana. Akiwa mtu mzima anaweza kuugua, lakini mara nyingi si vibaya sana.

Mtu aliyekulia penye baridi, kama Masisi juu au milima ya Minembwe, mwili wake haukujifunza vita hiyo. Akishuka kuja kuishi hapa chini, anaweza kulazwa na malaria kali hata kama ni mwanaume mwenye nguvu wa miaka 30. Kwa hiyo, katika familia iliyofika karibuni kutoka milimani, wa kulindwa si mtoto na mama mjamzito tu. Ni nyumba nzima. Kama una jirani mgeni wa namna hiyo, mwambie. Huenda hakuna aliyemwambia.

KIPINDUPINDU HAKINGOJI

Malaria inatupa mwezi. Kipindupindu hakitupi. Mvua kubwa ikifurika chooni na kubeba uchafu mpaka kwenye maji ya kunywa, mtu anaweza kuanza kuharisha baada ya saa chache, au ndani ya siku 5. Wala tusidhani kiangazi kina usalama. Julai 1994, miezi ya jua, wakimbizi wa Rwanda walifika Goma kwa mamia ya maelfu. Ardhi ilikuwa mawe ya volkano, vyoo na visima havikuchimbika, na wengi walichota maji ya ziwa Kivu bila kuyatibu. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Kwa hiyo maji ya kunywa yatibiwe au yachemshwe majira yote, na mikono ioshwe kwa sabuni.

UFANYE NINI, WIKI KWA WIKI

Kabla ya mvua: Sikiliza redio, maana utabiri wa msimu hutangazwa mapema. Toa neti, iangalie penye mwanga, shona matundu. Kama ni chafu, ifue kwa sabuni ya kawaida na uianike kivulini, kwa kuwa jua kali linaharibu dawa yake. Neti si ya kufunika miche wala kuvulia samaki.

Wiki ya kwanza na ya pili ya mvua: Fukia mashimo ya matofali yaliyo karibu na nyumba, au yachimbie mfereji maji yatoke. Hatutaweza kufukia kila dimbwi la kambi, lakini lile la mlangoni kwako ni lako. Funika madumu ya maji.

Wiki ya tatu na kuendelea: Kila mtu alale ndani ya neti kila usiku, hata kama husikii mbu wakilia. Anopheles huuma hasa usiku wa manane mpaka alfajiri. Mama mjamzito asikose kliniki, apewe dawa yake ya kinga. Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wachanga katika wilaya nyingi mwaka 2025. Ulizia kituoni kama mtoto wako anastahili, na ukumbuke kwamba chanjo haiondoi neti kitandani.

Homa ikianza: Usingoje kesho kutwa. Mtoto apimwe ndani ya saa 24. Si kila homa ni malaria, ndiyo maana tunapima kwanza. Akipewa dawa ya mseto, amalize siku zote 3 hata kama siku ya pili anacheza. Nusu ya dawa uliyomwekea mdogo wake haitamponya yeyote.

Kimbia kituoni mchana au usiku kama mtoto anapata degedege, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya au kunywa, anapumua kwa shida, amekuwa mweupe viganjani, au haamki vizuri. Hizo ni dalili za malaria kali. Hapo saa moja ni kitu kikubwa.

Ndugu msomaji, hatukuchagua kuwa hapa, na mvua hatuichagui. Lakini siku mvua ya kwanza itakapopiga turubai lako, weka alama kwenye kalenda au kwenye mlango kwa mkaa. Hesabu siku 30. Kabla hazijaisha, hakikisha kila anayelala nyumbani kwako ana neti juu yake. Na kama neti hazitoshi, mtafute mhamasishaji wa afya wa kijiji chako leo, usisubiri mahindi yaive.